Hodi kabla ya hotuba: kuwataja wenye ardhi kwenye mikutano ya vyuo

Mtu akifika kwenye nyumba ya watu, Unguja au Pemba, hodi anapiga yeye na karibu anaitoa mwenye nyumba. Mtoto wa chuoni analijua hilo kabla hajamaliza juzuu ya kwanza. Anayejikaribisha akapitiliza mpaka ndani, chai atapewa, lakini maneno yatabaki barazani akishaondoka.

Kwa hiyo wanafunzi na walimu wetu wanaokwenda Kanada, Australia au Marekani wana nusu ya elimu hii tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba yale maneno yanayosomwa kule mwanzoni mwa mkutano, yenye jina gumu la watu usiowajua, ni hodi. Msemaji anawataja watu wa asili ambao ardhi iliyojengwa chuo ni yao. Inachukua nusu dakika, na kwa vile mara nyingi inafuatana na tangazo la mlango wa dharura na vyoo viko wapi, mgeni hudhani nayo ni tangazo. Halafu siku yake ya kuongoza kikao inafika, anakabidhiwa karatasi, analitafuna lile jina, na ukumbi mzima unatazama chini.

Makala hii ni ya siku hiyo. Mwishoni kuna machache kuhusu Tunguu, kule kwenye vyuo vyetu Unguja, maana swali la "na sisi je?" haliepukiki.

Hodi ni moja, karibu ni nyingine

Australia wamezitenganisha waziwazi. Karibu inatolewa na mzee wa watu wenye ardhi ile, au mtu waliyemruhusu wao. Hodi anaweza kuipiga yeyote, awe profesa au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Micheweni juzi. Ratiba ikiandikwa "Karibu ya wenye ardhi" kisha akasimama mkuu wa kitivo aliyezaliwa Uingereza, hilo ni kosa la adabu, usilisingizie uchapaji. Hata mzee wa Kiaborijini anayetoka upande mwingine wa nchi hatoi karibu pale. Yuko ugenini, anapiga hodi kama wewe.

Mtindo wa sasa wa karibu hiyo una historia yake. Mwaka 1976 mjini Perth, wasanii wa Kimaori na wa visiwa vya Cook waliona vibaya kutumbuiza bila kupokelewa na wenyeji, ndipo wasanii wawili wa Kiaborijini, Richard Walley na Ernie Dingo, walipotayarisha mapokezi. Mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, Mahakama Kuu ya Australia iliitupa ile hoja kwamba Waingereza walikuta ardhi isiyo na mwenyewe. Bunge la nchi hiyo lilifunguliwa kwa karibu ya wenyeji kwa mara ya kwanza tarehe 12 Februari 2008. Aliyeitoa ni Bi Matilda House, siku moja kabla ya Waziri Mkuu Kevin Rudd kuwaomba radhi watu wa asili waliochukuliwa kwa wazazi wao wakiwa watoto.

Kanada mambo yalishika kasi baada ya Tume ya Ukweli na Maridhiano kutoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2015, ikiwa na miito 94 ya hatua za kuchukuliwa. Tume hiyo ilichunguza skuli za bweni ambako watoto wa watu wa asili walipelekwa mbali na wazazi wao na kukatazwa lugha zao. Kama unataka kujua kwa nini mwalimu wa makamo anaweza kutokwa na machozi kwa maneno ambayo wewe unaona ni ya kawaida, anzia hapo.

Marekani kila chuo kina lake. Wengine wana tamko refu, wengine hawataki kusikia. Huko ukitaka kuelewa, fuata hesabu za ardhi: sheria ya Morrill ya mwaka 1862 iligawa ardhi ili mapato yake yaanzishe vyuo, na uchunguzi wa waandishi wa habari uliotoka mwaka 2020 uliifuatilia hadi kwenye karibu ekari milioni 11 zilizochukuliwa kwa mataifa ya asili yapatayo 250.

Neno moja linaloharibu kila kitu

Kosa kubwa kuliko matamshi ni kutojua ardhi ilichukuliwaje. Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver kipo katika ardhi ya Wamusqueam, nao hawakuwahi kuikabidhi kwa mkataba wowote. Tamko la pale linasema hivyo wazi. Lakini ukivuka milima ukafika Edmonton, Chuo Kikuu cha Alberta kipo ndani ya eneo la Mkataba wa 6, uliotiwa saini mwaka 1876. Msemaji akinakili ya Vancouver akaisoma Edmonton, ameufuta mkataba ambao wenyewe wanaudai utekelezwe mpaka leo. Akinakili ya Edmonton akaisoma Vancouver, amewatilia watu saini ambayo hawakuitia.

Hata ndani ya chuo kimoja mambo yanabadilika. British Columbia ina kampasi ya pili mjini Kelowna, na kule wenyewe ni Wasyilx Okanagan. Anayechukua maneno kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti ya chuo anaangukia hapo. Na Chuo Kikuu cha Toronto hakitaji taifa moja: kinataja Wahuron-Wendat, Waseneca na Wamississauga wa Credit. Ukitaja mmoja ukasema "na wengineo", ni sawa na kusoma khitma ukawataja marehemu wawili kwa majina na waliobaki ukawaita jamaa.

Mfano mzuri wa kuwa mahususi ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan: tamko lao linataja kwamba ardhi ilitolewa kwa Mkataba wa Saginaw wa mwaka 1819. Msikilizaji akitaka anakwenda kuutafuta, anausoma.

Utafutaji wenyewe hauchukui zaidi ya saa moja kama utaufanya kwa mpangilio huu. Anza na ramani ya mtandaoni ya Native Land Digital: andika mji, itakuonesha rangi zinazopandiana. Usishtuke zikiwa tatu au nne juu ya sehemu moja, mipaka ya zamani haikuwa ya senyenge. Ramani hiyo yenyewe inatahadharisha kwamba si ya kisheria, basi usiishie hapo. Pili, fungua ukurasa wa kampasi utakayokuwapo. Tatu, na hapa ndipo watu wanapovivia, fungua tovuti ya taifa lenyewe uone wanajiitaje na wanaandikaje jina lao. Chuo na taifa wakitofautiana, lifuate taifa, kisha mwandikie ofisa wa chuo anayeshughulikia watu wa asili umuulize. Vyuo vingi vya kule vina ofisi hiyo, na swali kama hilo ndiyo kazi yao.

Kulitaja jina

Sisi tuna bahati na hasara kwa pamoja. Bahati ni kwamba Kiswahili kinatuzoesha kutamka kila silabi, hatumezi. Hasara ni kwamba tunasoma kilichoandikwa kama kilivyoandikwa. Wenyeji wa Adelaide wanaandikwa Kaurna. Ukisoma kwa macho ya Kiswahili unapata "Ka-u-rna" na hakuna atakayejua unamsema nani. Husemwa karibu na "Gaana". Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya asili ya Kanada na Marekani, ni kama "Hodenoshoni". Musqueam ni kama "Maskwiam".

Hilo la mwisho ni umbo la Kiingereza. Kwa lugha yao wenyewe huandikwa xʷməθkʷəy̓əm, na usikimbie: ile θ ya katikati ni th yetu ya thelathini. Mzanzibari anaitoa bila jasho pale ambapo wazungumzaji wa lugha nyingine wanasema s au t. Sikiliza sauti iliyorekodiwa na wenyewe mara kumi, kisha andika kwa herufi zako pembeni mwa karatasi, ukiweka mstari chini ya silabi ya mkazo. Sisi mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea, na huko mazoea hayo hayasaidii.

Kuna mtego wa projekta pia. Herufi kama hizo ukiziandika kwenye kompyuta yako zinaonekana vizuri, ukifungua faili kwenye kompyuta ya ukumbini zinageuka vijisanduku vitupu. Hebu fikiria: kitu cha kwanza ukutani, kwa urefu wa mita mbili, ni jina la wenye ardhi limegeuka masanduku sita. Hifadhi faili kwa muundo wa PDF ambao herufi zimo ndani yake, na ulifungue ukumbini kabla watu hawajaingia.

Kuandika chako

Maneno 60 hadi 90 yanatosha. Taja mahali, taja watu, sema ardhi ilifikaje mikononi mwa chuo, kisha unganisha na kilichowakutanisha siku hiyo. Hicho cha mwisho ndicho kinachotofautisha hodi na kasuku. Tuseme kikao kipo Vancouver na kinahusu uvuvi wa mwambao. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Tumekutana katika ardhi ya mababu wa Wamusqueam. Hawakuikabidhi kwa mkataba wowote kabla chuo hiki hakijajengwa, wala hawajaikabidhi baada yake. Wapo, na kijiji chao kipo karibu na hapa, kwenye mdomo wa mto Fraser. Leo tunazungumzia haki ya kuvua. Ni mvuvi wa Kimusqueam, Ronald Sparrow, aliyelifikisha suala hilo Mahakama Kuu ya Kanada, na hukumu ya mwaka 1990 ndiyo tutakayorejea tena na tena katika kikao hiki."

Sparrow alishtakiwa kwa kuvua na wavu wa pima 45 wakati leseni iliruhusu pima 25. Mvuvi wa Kojani hahitaji kufasiriwa kesi hiyo, pima zenyewe anazijua kwa mikono yake. Taarifa ya namna hiyo ukiipata, iweke. Usipoipata, nyamaza ubaki na mambo matatu ya kwanza, maana kuunganisha kwa nguvu kunaonekana.

Ukifasiri kwa Kiswahili, angalia maneno haya. "Kabila" liache: wenyewe wanajiita mataifa, na kwao ni hoja ya kisheria, maana mikataba hufungwa baina ya mataifa. "Jadi" nalo linavuta kwenye ngoma na dawa, kana kwamba watu hao wapo kwenye maonesho. "Ardhi ya mababu" inakaa vizuri zaidi. Na Waaborijini wanaposema nchi yao, hawakusudii dola. Wanakusudia udongo, maji, wanyama, mbingu na wafu waliozikwa humo. Kiswahili cha zamani kinalimudu hilo, nchi ni pale mguu unapokanyaga, ila msikilizaji wa leo atadhani unazungumzia bendera. Ongeza neno: nchi na bahari yake.

Zingatia pia wakati wa kitenzi. "Ardhi hii ilikuwa ya Wamusqueam" ni kuwazika watu walio hai, pengine mmoja wao ameketi safu ya tatu. Na shukrani zina mipaka yake. "Tunawashukuru kwa kutupa ardhi hii" husemwa kwa nia njema, lakini aliyeporwa shamba akishukuriwa kwa zawadi, atakuonaje?

Kuhusu kusoma: karatasi, si simu. Simu inazima mwanga katikati ya jina. Simama, soma polepole, kisha nyamaza pumzi moja kabla ya kuendelea na mlango wa dharura. Sisi tunaijua ile "itifaki imezingatiwa" ya kwetu, ambapo msemaji anawamaliza waheshimiwa wote kwa maneno mawili na kuingia kwenye hotuba. Hodi ikisomwa kwa kasi ya itifaki imezingatiwa, bora isisomwe. Hayden King, msomi wa Kianishinaabe aliyesaidia kuandika tamko la chuo cha Ryerson mjini Toronto, ambacho sasa kina jina jingine, alisema hadharani mwaka 2019 kwamba anajutia kazi hiyo, kwa sababu maneno yamegeuka kuwa mazoea yasiyomdai msomaji chochote. Naona yuko sahihi kuhusu wengi, na bado sioni kwamba kunyamaza ni bora kuliko kusema vizuri.

Ukimwalika mzee

Kama mkutano ni mkubwa na mnataka karibu yenyewe, basi kuna mgeni rasmi mmoja zaidi, na ndiye mwenyeji. Mtafute wiki sita kabla, msimpigie Alhamisi kwa mkutano wa Jumatatu. Msimwinukie mwanafunzi wa asili aliyekaa ukumbini, "hebu wewe tusaidie maneno machache". Huenda yeye ni wa taifa jingine kabisa, na hata akiwa wa pale, ruhusa ya kukaribisha haiji kwa kuzaliwa tu.

Ulizeni utaratibu wa kuomba. Kwa mataifa mengi ya Kanada, ombi huambatana na tumbaku iliyofungwa, na hutolewa wakati wa kuomba, kabla hajakubali. Si kila taifa linafanya hivyo, ndiyo maana nasema ulizeni. Muislamu anayejiuliza kama anakabidhi sigara atulie: ni kama ubani wa kizee, ishara kwamba umekuja na adabu, naye ana hiari ya kuipokea au kuikataa.

Malipo yake yawe tayari siku hiyo hiyo. Hapa ndipo vyuo vinapoaibika: mzee wa miaka 80 anapewa fomu ya mzabuni, anatakiwa namba ya kodi na taarifa za benki, kisha anasubiri siku 60 kwa kazi ya dakika tano. Mhasibu aambiwe mapema, bahasha iandaliwe. Gari imfuate mlangoni, kiti kiwe cha mbele chenye mgongo, na awepo mtu wa kukaa naye, asiachwe akishikilia kikombe peke yake wakati watu wanapiga picha.

Halafu moshi. Australia karibu inaweza kuwa na moto mdogo wa majani mabichi ya mikalitusi, Kanada wanafukiza mimea kwenye chombo kidogo. Kwetu sisi wenye chetezo hilo si geni, lakini kumbi zao zina vitambua moshi darini vinavyoita zimamoto vyenyewe. Idara ya majengo izime vya chumba kile kwa saa hiyo na ivirudishe baadaye, na ombi lipelekwe siku kadhaa kabla. Likisahauliwa, mapokezi yanaishia nje uwanjani, king'ora kinalia, na mzee amebaki na chetezo chake mkononi.

Mkutano ukiwa wa mtandaoni, kila mtu yuko kwenye ardhi yake. Mwenyeji wa mkutano anataja ya kwake tu, na wengine wanaandika walipo kwenye sehemu ya ujumbe. Wewe uliye Tunguu usijitungie hodi kwa Wamusqueam. Sema uko Tunguu, Wilaya ya Kati, Unguja, inatosha.

Na sisi je?

Tunguu ina vyuo vikuu viwili, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo Kikuu cha Zanzibar, na Dunga haiko mbali, palipokuwa na jumba la Mwinyi Mkuu, cheo cha mtawala wa Wahadimu, watu wa kusini na mashariki ya Unguja; wa mwisho mwenye cheo hicho alifariki mwaka 1873. Mtu anaweza kushawishika kuandika: "Tumekutana katika ardhi ya Wahadimu." Mimi nisingeandika.

Kwanza, sheria. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Sheria ya Ardhi ya 1992 inasema ardhi ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Pili, majina. Sensa za 1924, 1931 na 1948 zinaonesha watu walewale wakihama baina ya Mswahili, Mhadimu na Mshirazi kadiri siasa za wakati zilivyowasukuma, na swali la nani hasa ni mwenye asili ndilo lililotuchoma. Tamko lililoandikwa kwa ajili ya Vancouver, ambako mwenyewe anajulikana na aliyechukua anajulikana, likisomwa hapa linafungua jeraha kwa kisu cha kuazima.

Lakini hodi yenyewe tunayo, na vyuo vyetu vimeisahau. Vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja vilikuwa na wavyale, watu wa ukoo wenye dhamana ya ardhi na mizimu yake, na aliyetaka kufyeka pori jipya alianza kwao. Sehemu nyingine bado wapo. Leo kundi la utafiti linashuka kijijini na gari mbili, barua ya kibali mkononi, limepita kwa sheha kugonga muhuri tu.

Mkiandaa warsha au kazi ya nyanjani, mtangulizeni mtu mmoja siku tatu kabla. Aende kwa sheha, amuulize ni wazee gani wa kuonana nao kabla ya kukanyaga mwambao au kuingia msituni, na aende akaonane nao bila dodoso mkononi. Siku ya kufungua, baada ya kisomo, mpeni mzee mmoja dakika mbili atoe karibu kwa lafudhi ya kwao, Kikae kama ni Makunduchi, Kitumbatu kama ni Tumbatu, na asifasiriwe. Kiti chake kiwe safu moja na mkurugenzi.

Na angalieni miti. Kwetu mti una mwenyewe mbali na ardhi: uwanja unaweza kuwa wa skuli, ila mnazi uliomo una mtu wake. Kabla hamjafunga kamba ya turubai kwenye mnazi, au kijana hajapanda kuangua madafu ya wageni, ulizeni mnazi ni wa nani, mtu atumwe kwake akaombe, na madafu yalipwe kwake.